Maksai wa Majina Mawili

Mwazye, 8 Septemba 2024

Timoth mdogo wangu,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu umekuwa mtu wa vikao. Nikipiga asubuhi, kikao. Nikipiga mchana, kikao. Jumapili baada ya misa, kikao! Karatasi haina kitufe cha kukata. Nimempa Meshack, kondakta wa basi, nikamwambia asiiache mlangoni, akukabidhi mkononi.

Mimi ni mzima kwa kadiri mjane anavyoweza kuwa mzima. Watoto hawajambo, na Jane anakuamkia mjomba wake. Sasa nisikilize. Tangu tumzike mume wangu Adolfu hujarudi huku, kwa hiyo hujui kwamba ukoo wao ulikaa kikao, wakamteua Basil, mdogo wake marehemu, kuwa msimamizi wa mirathi. Sikubisha. Nikasema ni ukoo wao, wakae, wanywe pombe yao, waondoke. Jumanne Basil amekuja na vijana, amefungua zizi bila hata hodi, amewaswaga Diwani na Kijivu. Maksai wangu wote wawili, Timoth! Nikamwambia shemeji, hao hawamo kwenye mirathi, hao ni wangu na Adolfu, na mmoja tulimnunua kwa ulezi nilioulima kwa mikono yangu. Amecheka. "Shemeji, tangu lini mwanamke akawa na maksai?"

Nikaenda baraza, tena kwa kujiamini kabisa, maana si mimi niliyekuwa mwandikishaji wa mradi wenu wa mifugo hapa kijijini? Nani alizunguka na ile simu nyumba kwa nyumba, akiwabembeleza wanaume waandike na majina ya wake zao? Adolfu alikuwa wa kwanza kukubali. Wenzake walimcheka kilabuni, yeye akaniambia andika, Adolfu na Fransiska, sitaki kelele nikifa. Nikaandika, nikabonyeza, simu ikaleta maandishi ya kijani: IMEPOKELEWA. Leo karani wa baraza, Eustace, ametafuta namba za hereni zao kwenye mfumo wako mbele ya watu wote. Hakuna. Hereni ziko masikioni mwa ng'ombe na watu wanaziona, lakini mfumo unasema ng'ombe hao hawajawahi kuwapo. Basil akageukia watu, "Mnaona? Mama mwongo huyu."

Mvua zikianza sina cha kulimia. Shamba lile kwa jembe la mkono mimi na watoto hatulimalizi, na tusipolimaliza mwakani tutaomba chakula kwa Basil huyohuyo. Mfumo ni wako. Niambie ng'ombe wangu wamekwenda wapi.

Dada yako,
Fransiska


Sumbawanga, 15 Septemba 2024

Dada Fransiska, shikamoo.

Barua nimeipata. Meshack alinisubiri nje ya ofisi mpaka nikatoka, akanikabidhi mbele ya wenzangu kama analeta samansi. Duh, dada, una maneno wewe! Vikao ni vya kweli, tuna wafadhili wanaingia na kutoka.

Pole sana kwa hayo. Msibani nilimwona Basil mtu mstaarabu, kumbe ndivyo alivyo. Lakini usiwe na presha, mfumo wangu haupotezi ng'ombe. Ngoja nikueleze, maana najua hujawahi kunipa nafasi ya kujisifu.

Kila ng'ombe ana waraka wake ndani ya databesi. Kwenye waraka kuna orodha ya alama zake: namba ya hereni, chapa ya ubavuni, na chapa ya zamani kama alinunuliwa kwa mtu. Halafu kuna sehemu ya mmiliki. Mwaka jana, kabla hatujafika kwenu, mnadani Chala ilikuwa aibu tupu. Karani akiandika namba, mashine ilikuwa inafungua waraka mmoja mmoja, wa wilaya zote, na kuchungulia kila orodha. Ng'ombe analala, anacheua, mnunuzi anaenda kula, anarudi, kiduara bado kinazunguka. Watu wakaanza kununua bila kuangalia, na wezi wakafurahi.

Nikaweka faharasa. Si unaijua ile ya nyuma ya kitabu? Unatafuta neno, inakupeleka ukurasani moja kwa moja. Hii yangu inaingia mpaka ndani ya orodha, dada. Ng'ombe mmoja anaandikwa chini ya hereni yake, anaandikwa tena chini ya chapa yake, tena chini ya chapa ya zamani, na kote huko mmiliki yupo pembeni. Alama na mmiliki kwenye faharasa moja. Sasa karani hajainua kidole, jibu limeshatoka. Bosi wetu Lugano aliwaonyesha wafadhili, wakapiga makofi, akasema "kijana wetu Timoth ndiye aliyefanya." Mimi huyu, niliyekuwa nachekwa shuleni kwa kunuka moshi wa jikoni!

Kwa hiyo tatizo haliko kwenye mfumo. Huenda ulikosea tarakimu ya hereni, zile namba ni ndefu na macho yako nayo yamechoka. Au mtandao ulikuwa mdogo siku hiyo. Nikipata nafasi nitaangalia. Wasalimie watoto.

Mdogo wako,
Timoth


Mwazye, 29 Septemba 2024

Timoth,

Nimekosea tarakimu! Mimi! Niliandikisha kijiji kizima nikiwa na homa, nikisoma kila hereni kwa sauti huku Adolfu akirudia nyuma yangu, leo macho yangu yamechoka. Yamechokea kwa ng'ombe wangu mwenyewe tu, wa wenzangu niliwaona vizuri.

Nilikuuliza swali moja, wewe ukanijibu kwa makofi ya wafadhili. Sasa nitasema lililo moyoni, na likikuuma liume. Juzi kilabuni Basil amesema mbele ya watu, "Mwenye mfumo ni shemeji yangu, tumeshaongea." Hellena jirani yangu alikuwepo, amesikia kwa masikio yake. Nikakumbuka msibani mlivyokaa benchi moja mkinywa bia na kuongea mpira, na marehemu hata hajafikishwa kaburini. Niambie ukweli, amekuahidi nini? Kufuta si ni kubonyeza tu? Umebonyeza, mara moja, ng'ombe wa dada yako wameyeyuka.

Sikutegemea. Nasema tena, sikutegemea. Ningelidhania mtu yeyote, wewe ningekuweka mwisho. Mama nimemficha, maana presha yake unaijua. Baraza litakaa tena katikati ya Oktoba. Njoo useme ulichofanya, tusameheane, nipate maksai wangu kabla ya mvua.

Fransiska


Sumbawanga, 6 Oktoba 2024

Dada,

Leo sikuamkii. Mtu akishaitwa mwizi na dada yake wa tumbo moja, shikamoo inatokea wapi?

Mimi nihongwe niwaibie watoto wa dada yangu? Sijala hata soda ya Basil! Alinipigia mara moja akauliza kama waraka wa ng'ombe unaweza kupotea kwenye mfumo, nikamwambia hapana, haupotei. Basi, hayo ndiyo maongezi anayotangaza kilabuni. Wewe unamwamini mlevi kuliko mimi. Umenivunja moyo, dada, siwezi kukuficha. Nililisoma neno "amekuahidi" nikashindwa kula.

Ili umalize hayo mashaka, nimeliandikia baraza barua rasmi, yenye nembo ya mradi na sahihi yangu. Nimeandika hivi: hakuna waraka wa ng'ombe yeyote uliowahi kufutwa kwenye mfumo huu, na mtu yeyote, nikiwemo mimi, hajawahi kufuta. Huo ni ukweli, naweza kuuapia mbele ya Padri. Wakiisoma, kijiji kizima kitajua kwamba mdogo wako hajanunuliwa.

Kuja siwezi, wafadhili wako hapa mpaka mwisho wa mwezi. Mambo mengine ya mfumo tutaongea mambo yakitulia. Nawe ujifunze kumsikiliza mtu kabla hujamtukana.

Timoth


Mwazye, 20 Oktoba 2024

Timoth,

Barua yako imesomwa barazani. Eustace aliisoma mara ya kwanza kimya, ya pili kwa sauti. Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, kama hakuna kilichofutwa, na kwenye mfumo hawamo, maana yake nini?" Akajijibu mwenyewe: maana yake hawakuandikishwa. Mwandikishaji aliandikisha ng'ombe wa kijiji, wa kwake akaja kuwatungia hadithi baada ya mume kufa. Watu wakanicheka, Timoth, watu niliowaandikia ng'ombe wao kwenye mvua.

Nakuomba radhi kwa lile neno. Kweli hukununuliwa. Basil mwenyewe amenihakikishia tulipotoka, kwamba hakukupa hata soda. Umemfanyia bure.

Fransiska


Sumbawanga, 3 Novemba 2024

Dada Fransiska,

Shikamoo. Hunijui, mimi naitwa Elizabeth, ni mtu wa Mbeya, na nimekaa chumba kimoja cha kazi na mdogo wako Timoth tangu mradi uanze. Kesho narudi kwetu Mbeya, kazi nimeiacha. Meshack ndiye aliyenieleza yaliyokupata barazani, nikaona nikiondoka kimya sitapata usingizi.

Dada, hukukosea kitu. Ng'ombe wako uliwaandika vizuri na simu ikawatuma vizuri. Mashine ndiyo iliyowakataa.

Kwenye ile faharasa anayojivunia, Timoth ameunganisha vitu viwili, alama na wamiliki. Databesi ina sharti lake: kwenye faharasa ya kuunganisha namna hiyo, waraka mmoja unaruhusiwa kuwa na orodha moja tu. Alama za ng'ombe ni orodha, hilo linapita. Mmiliki akiwa mmoja anaandikwa kama jina tu, si orodha, naye anapita. Lakini ukiandika wamiliki wawili, hiyo nayo inakuwa orodha, zinakuwa orodha mbili, na mashine inaukataa waraka mzima. Inautema na kuandika kosa kwenye faili tunaloliona sisi ofisini peke yetu. Simu yako ilisema IMEPOKELEWA kwa sababu Timoth aliiagiza iseme hivyo bila kusubiri jibu, ili waandikishaji wasikae wanangoja mtandao.

Kwa hiyo kila ng'ombe uliyemwandika mume na mke hayumo. Wa Hellena hawamo. Wa akina mama wote uliowabembelezea hawamo. Wanaume waliogoma kuandika wake zao, ng'ombe wao wamo salama salimini. Hilo ndilo lililoniliza, dada, nikajifungia chooni nikalia.

Tena Timoth alijua. Nilimwonyesha faili hilo kabla hajaliandikia baraza, na maksai wako walikuwa humo, hereni na majina yenu mawili. Alikaa akiangalia, kisha akasema, "Eliza, mimi sisemi uongo, hakuna kilichofutwa." Dawa ilikuwa kuitenganisha faharasa, ya alama peke yake na ya wamiliki peke yake. Ni kazi ya mchana mmoja. Bosi Lugano alikataa, kwa kuwa ingebidi wafadhili waelezwe kilichotokea na mkataba wa awamu ya pili bado haujasainiwa. Nilibisha, ikaonekana nina kiburi. Mwisho nikaona heri niondoke.

Nenda mahakamani, dada. Barua hii itumie utakavyo.

Elizabeth


Mwazye, 10 Novemba 2024

Timoth,

Elizabeth ameniandikia. Kila kitu, mpaka ulivyokaa ukiangalia majina yetu kwenye mashine.

Nilikuita mwizi ukashindwa kula. Siku ile ulipoandika sahihi ulikula? Ulikasirika kwa neno ambalo hukulitenda, ili lile ulilolitenda nisiliulize. Mimi mjinga nikakuomba na radhi!

Sitapiga kelele. Jana manyunyu yameanza, udongo umelainika, kila mtu anafunga plau. Kesi yangu itasikilizwa mahakama ya mwanzo tarehe tano Desemba. Sikuombi pesa, sikuombi pole. Njoo usimame, useme kwa mdomo wako: dada yangu aliwaandika, mashine yangu iliwakataa. Hakimu akisikia hayo, maksai wanarudi zizini. Ukija nitakupokea, nitakupikia, na hili halitatajwa tena nyumbani kwetu mpaka nakufa.

Dada yako, kwa mara hii,
Fransiska


Sumbawanga, 1 Desemba 2024

Shikamoo dada,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Kuja sitaweza. Lugano amesema wazi kwamba nikisimama mahakamani kuusema vibaya mfumo nisirudi ofisini, na mkataba unasainiwa wiki hiyohiyo. Nina nyumba ya kupanga, mke wangu Asifiwe ana mimba kubwa, unajua. Nikifukuzwa sitapata kazi nyingine Sumbawanga hii.

Lakini usidhani nimekaa tu. Nimepigana, dada, na nimepata kitu. Tumetoa toleo jipya la mfumo. Lugano amepitisha kwamba ng'ombe awe na mmiliki mmoja, basi. Mwenye orodha awe ng'ombe kwa alama zake, mmiliki abaki jina moja. Hapo faharasa haigombi na mtu na wafadhili hawana swali. Wale wote waliokataliwa nimewarudisha ndani. Mashine imepita kwenye faili, ikachukua jina la kwanza kwenye kila orodha, wameingia wote. Waandikishaji mtapata ujumbe kwenye simu zenu kuhusu kuandika jina moja tu kuanzia sasa.

Diwani na Kijivu sikuwaachia mashine. Niliwaingiza mwenyewe, kwa mkono, nikasoma hereni tarakimu kwa tarakimu. Kwa kuwa nafasi ni ya jina moja, nimeweka la marehemu shemeji, nikaona ndiyo heshima yake. Mwambie hakimu atafute. Watatokea palepale, na hakuna atakayekuita mwongo tena.

Nisamehe, dada. Krismasi nitajitahidi kuja.

Mdogo wako,
Timoth


Mwazye, 15 Desemba 2024

Timoth,

Ametafuta. Karani wa mahakama hajainua kidole, jibu limetoka, kama ulivyojisifu. Hereni hizi, chapa hii, mmiliki: Adolfu. Watu wakaguna. Hakimu akanitazama kwa upole, nikajua nimeshinda, nikataka kupiga magoti.

Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mama, maksai hawa walikuwa mali ya marehemu?" Nikasema yake na yangu, tuliandikwa wawili. Akageuza mashine niione mwenyewe. Jina ni moja. Nikatoa barua ya Elizabeth. Lugano naye alishaleta yake, kwamba huyo binti aliacha kazi kwa ugomvi, asisikilizwe. Hakimu akasema, mali ya marehemu ni mirathi, na mirathi ina msimamizi aliyeteuliwa na ukoo. Basil akasimama, akashukuru mahakama. Mlangoni akaniambia nikusalimie.

Mpaka baraza lilipokwisha nilikuwa na neno langu dhidi ya neno lake. Leo kuna ushahidi, ni wa kwake, na umeuandika wewe.

Ule ujumbe wenu umefika, wa jina moja tu. Waume wameupokea kwa vicheko. Jana Hellena amekuja na mumewe, kaniuliza huku mume akitazama pembeni, "Kumbe ulikuwa unatudanganya tu?" Simu ya mradi nimempa Meshack awarudishie. Mtafuteni mwandikishaji mwingine.

Tunalima kwa jembe la mkono, mimi na Jane. Tumefika robo ya shamba na palizi la wenzetu linaanza. Diwani na Kijivu wanalima ng'ambo ya kijito, kwa Basil, na anawachapa, nasikia kutoka hapa. Mama ameniuliza kama utakuja Krismasi. Nimemwambia huji. Usinifanye mwongo kwa mara ya pili.

Mengine yote ningeweza kuyameza, Timoth. Woga wako ningeumeza, na Lugano wako, na mkataba wenu. Wanawake wengine mashine iliwaruka, haiwajui. Mimi hukuniachia mashine, umesema mwenyewe. Ulikaa na majina yetu mawili mbele yako, mkono ni wako, na nafasi ni ya jina moja. Aliyekubeba mgongoni akikupeleka shule ni mimi, aliyekushika kidole ukaandika T ya kwanza ni mimi, na niko hai. Ukaandika la aliyekufa.

Fransiska